Laini Moja ya Githeri

Ruiru, Alhamisi usiku, 1956

Wamemfanya Wairimu wangu mkubwa wa jiko la misheni! Mtoto niliyemzaa mimi, leo anaamuru sufuria nne na wanawake wenye mvi.

Jiko lenyewe nililianza mimi, kwa sufuria yangu moja ya githeri, mahindi na maharagwe, nyuma ya kanisa, waume zetu walipofungwa. Sasa watu wanakuja hata kutoka Thika. Nani mwingine angeweza?

Lakini leo ameniudhi. Kwangu mimi, wake wa waliofungwa hula kwanza, na nyumba za homgadi waliowasaidia Wazungu kuwakamata hazipati hata ukoko. Yeye anasema laini ya chakula ni moja kwa wote.

"Hata Nyambura?" nikamwuliza. Mume wa Nyambura ndiye aliyewaleta askari mlangoni kwetu, na baba Wairimu hajarudi.

"Mumewe amekufa, Maitu, mama yangu. Watoto wake wana njaa."

"Basi mpakulie wewe."

"Mwiko ni wako, Maitu. Hakuna anayepakua kama wewe."

Ananijua, huyu! Lakini moyo bado unaniuma. Nyambura akininyooshea bakuli lake, mkono huu sijui kama...

Jumapili baada ya misa wanakuja wote.