Bado Nachemsha Maji ya Alfajiri

Mama,

Adhana ya alfajiri imekwisha sasa hivi, na maji nimeshayateleka jikoni. Nimekaa kwenye kigoda chako kifupi, mgongo ukutani, nakuandikia juu ya goti huku sufuria ikianza kuimba. Nitakwambia maji haya ni ya nani, lakini kwanza nikupe habari za nyumba, maana najua hizo ndizo ungeuliza kabla ya kuniuliza mimi.

Nyumba i salama. Mfereji umekauka tena mtaa mzima wa Kibokoni na maji twanunua kwa mwenye mkokoteni, lakini asmini yako kwenye debe kule juu darini, penye jua, haijafa. Kitanda chako amekichukua mwanao Swaleh kwa ajili ya wanawe. Paka wako amehamia kwa Bi Zuwena, ng'ambo ya kichochoro, na akiniona hujifanya hanijui, mnafiki yule. Leso zako nimezigawa kama ulivyotaka, isipokuwa ile yenye maua ya korosho. Mke wa Swaleh aliitaka, nikajitia sikusikia. Nimejifunga hiyo sasa hivi.

Mimi ni mzima. Siku za mwanzo sikuwa. Nilikuwa naamka na adhana kama nilivyoamka miaka yote ile, natia maji jikoni ya wewe kutawadhia, na nakumbuka kwamba hupo wakati sufuria imekwisha pata moto. Basi nayaacha yapoe, napanda nayo darini, naimwagilia asmini. Labda ndiyo sababu imeishi.

Wewe na mimi twajua kwamba sikuwa naamka saa ile kwa kuswali. Siku nilipokwambia, ulikuwa na uteo wa mchele mapajani, unachambua. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata kwa radhi yako kunitoka. Nikakwambia, Mama, nimeacha kuswali, na si uvivu, ni kwamba moyoni hamna kitu. Imani haikunitoka kwa kishindo. Hakuna aliyenidhulumu, wala hakuna aliyenishawishi. Ilipauka kidogo kidogo, kama leso inayofuliwa kila siku, mpaka asubuhi moja nikaitazama nisijue ilikuwa ya rangi gani. Ulitoa chuya mbili tatu, ukazitupa. Kisha ukanisogezea uteo ukasema, "Basi nichambulie mtele huu, mato yangu yamechoka."

Nikachambua. Aliyelia ni mimi, si wewe. Na hatukulizungumza tena jambo lile mpaka tulipokuzika.

Lakini kipupwe kilipoingia mwaka ule na mifupa ikaanza kukuuma, ndipo nilipoanza kukupashia maji. Wewe ukitawadha, mimi nimeshika taulo. Wewe chumbani na mswala wako, mimi jikoni na chai ya tangawizi. Ukitoka, twanywa pamoja bila maneno mengi kabla sijashuka kwenda kazini bandarini Kilindini. Nilikuwa na furaha, Mama. Sikuwahi kukwambia, nilidhani waiona.

Baada ya arubaini yako, wageni walipokwisha kuondoka na sinia zimeoshwa, Swaleh alikaa nami kwenye ngazi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia, "Dada, Mama hawezi tena kujifanyia chochote. Amebakiwa na dua za wanawe. Zangu anazo. Zako ziko wapi?" Kisha akaniuliza polepole, kama anayemuuliza mgonjwa, "Na wewe mwenyewe waishi kwa ajili ya nini?"

Kesho yake nilikwenda ofisini, nikagonga mihuri kwenye karatasi za mizigo ya watu kutwa nzima, na maswali yale mawili hayakunitoka. La pili ningeweza kulivumilia. La kwanza ndilo lililoninyima usingizi. Ulinilea, ukanisitiri mbele ya mtaa mzima, na sasa umekufa na binti yako hana cha kukupa.

Ramadhani ikaingia. Nikaikumbuka sahani yako. Miaka yote, kabla ya magharibi, sahani ya futari ilitoka kwetu ikaenda kwa Bi Zuwena, imefunikwa kawa, na yake ikaja kwetu. Ulikuwa ukisema sahani ya jirani hairudi tupu. Nikajiambia, dua sina, mikono ninayo. Nikapika kaimati. Wajua upishi wangu. Nilizipeleka hivyo hivyo.

Sikufikiri kwamba kwetu sahani nayo husema. Futari ikitoka nyumbani kwa mtu, basi nyumba hiyo yafunga. Kumi la kwanza halijakwisha, Kibokoni yote ilikuwa yajua kwamba binti wa Bi Rukia ameongoka. Wazee wa barazani, waliokuwa wakinishuku na kunijibu salamu kwa ncha ya ulimi, wakawa wananiita binti yetu. Bi Zuwena alinishika mkono akatokwa na machozi. "Dua za mamaako zimekubaliwa," akasema. Na mimi, niliyekuwa nimekula mchana ule ofisini nyuma ya kabati la mafaili, nikaitikia alhamdulillahi.

Ilikuwa tamu, Mama. Sitakuficha. Kupendwa na mtaa mzima kwa wakati mmoja ni kitu kitamu, na ningeweza kuendelea hivyo hadi uzeeni bila ya mtu kudhurika. Lakini wewe nilikwambia kweli, ukafa ukiijua. Bi Zuwena ndiye aliyekuosha kwa mikono yake. Nilishindwa kuendelea kumpelekea uongo chini ya kawa.

Nikaenda baada ya alasiri, nikamwambia yote. Aliuondoa mkono wake mkononi mwangu. Aliuliza neno moja tu, "Mamaako aliyajua haya?" Nikamwambia aliyajua. Akaitengeneza leso yake kichwani, akasema ana mkate motoni. Nikafahamu, nikaaga.

Magharibi ile sikupeleka sahani, kwa kuogopa irudi tupu. Adhana ikaadhiniwa, kichochoro kikanyamaza, kila mtu na tende yake. Mimi nilikaa mbele ya kaimati zangu nisiweze kuzitia mdomoni. Nilihesabu kwamba nimekupoteza mara ya pili, na mara hii kwa ulimi wangu mwenyewe.

Kisha, watu walipokwisha kuswali, nikasikia mkongojo kwenye ngazi zetu. Alikuwa Bi Zuwena, na magoti yale yale uyajuayo, ambaye hajapanda kwetu tangu matanga yako. Mkono wa pili ana sahani, na chini ya kawa mna viazi vya nazi. Alikaa, akavuta pumzi, akachukua kaimati yangu moja, akaiuma, akairudisha sahanini.

"Mimi nitakuombea, na hilo huna uwezo wa kunikataza," akasema. "Lakini kaimati hizi, mwanangu, zitawavunja watu meno. Hamira waitia saa ngapi?"

Nilicheka mpaka nikalia. Alinionyesha namna ya kuukanda unga ukaumuka, na alipoinuka kwenda zake, nilimwona akishika ukuta. Nikamuuliza alfajiri hutawadha vipi. Akasema maji ya alfajiri siku hizi yamuuma mifupa, na kuinama jikoni kuyapasha hawezi.

Basi ni yake maji haya. Ramadhani imekwisha, Idi imepita, na kila alfajiri navuka kichochoro na ndoo. Yeye atawadha, mimi nashika taulo, na paka wako atazama kando. Akiswali, mimi nateleka chai. Barazani wengine wamerudi kunijibu nusu salamu, na yaniuma, nisikudanganye, lakini si kama nilivyodhani.

Swaleh naye nimemjibu. Nilimwambia naishi kwa ajili ya hawa walio hapa, maadamu wapo. Akasema hilo ni jibu dogo. Nikamwambia ndiyo, ni dogo, lakini laniamsha.

Mama, sijui uko wapi. Sikukudanganya ukiwa hai, na sitaanza leo. Siwezi kukuombea. Lakini Bi Zuwena akimaliza swala yake huinua mikono, na kila alfajiri, nikiwa pale jikoni kwake, namsikia akilitaja jina lako. Anakutaja akiwa ametawadha kwa maji yangu.

Nakuahidi, nikiweza kubeba ndoo, hatatawadha kwa maji baridi. Na kaimati zangu sasa zaumuka.

Lala salama, Mama. Yamechemka. Acha nimpelekee, asije akachoka kuningoja.

Binti yako,
Maimuna