Kufuli Nililoweka kwa Ruta ya Malaba

Jumatatu, 3 Machi
Ruta ya Malaba, mashine yetu ya kugawa mtandao, imekufa tena. Kahawa, miwani, kiti kinacholalamika nikikikalia. Yadi ile ya malori iko karibu sana na mpaka, mtandao unaruka kutoka laini ya Kenya hadi ya Uganda bila kuomba ruhusa. Ukiruka, mashine inaganda, na maajenti wa forodha hawawezi kutuma karatasi zao. Mama Nekesa, mwenye yadi, amenipigia: "Mzee, mwisho Ijumaa. Isipotulia, njoo ubebe chuma chako." Yeye ndiye mteja mkubwa. Akienda, karakana yetu inafungwa. Okumu, mshirika wangu tangu enzi tukiwa na nywele, anasema nisijali. Kosa liko kwenye keneli, kiini cha mfumo, sehemu ya mtandao niliyoandika mimi. Basi aibu ni yangu.

Jumanne, 4 Machi
Hapa karakanani Busia, ruta kama ile haifi. Nimechomoa laini na kuchomeka mpaka vidole vimechoka. Nikaongeza amri za kuchapisha kila hatua, nikaipeleka Malaba. Ikatulia! Nikacheza kidogo. Dereva mmoja akapaza sauti: "Boss, pole pole na hicho kitambi!" Nikaondoa zile amri. Ikafa. Mjinga mimi. Kuchapisha kulikuwa kunaichelewesha tu, kazi mbili zikakosa kugongana. Angalau ugonjwa nimeujua. Kazi moja inafuta kumbukumbu ya laini iliyokatika, nyingine bado inatuma pakiti za data kupitia hapo hapo. Kama kumwondolea mtu kiti akiwa anakaa.

Jumatano, 5 Machi
Lakini kwenye msimbo niliweka kufuli hapo! Anayefuta angoje anayetuma amalize. Nimefungua msimbo ulio ndani ya mashine ya Malaba. Hakuna kufuli. Kwanza nikalaumu uzee. Kisha nikamuuliza Okumu. Akaangalia dirishani.
"Nililitoa mimi. Siku ya kumwonyesha Mama Nekesa, mashine ilikuwa inajikokota."
"Na ulijua ndiyo maana inakufa?"
"Nilishuku. Lakini ndugu yangu, wewe watu wanakuvumilia. Mimi wangenifukuza."
Ndugu yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nina hasira. Sijalala vizuri. Nimeomba msamaha yadi nzima, maajenti, madereva, hata askari wa geti, na Okumu amesimama nyuma yangu akitikisa kichwa kwa huruma. Akaninunulia na sambusa. Nikala!
Kufuli nimelirudisha. Sasa linalinda ile laini inayofutwa peke yake, si njia nzima. Haijikokoti hata kidogo. Angeniuliza, ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Ijumaa, 7 Machi
Malaba tangu asubuhi. Mvua, laini zinaruka kama vyura. Ruta haijafa.
Mama Nekesa amefurahi. "Mashine zibaki. Na umshukuru sana mwenzako, mzee. Alikuwa ananiambia kila mara, macho yako yamechoka, tukuvumilie tu."
Nikacheka naye. Nikaahidi salamu zitafika.
Jioni nimerudi Busia. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Okumu alikuwa ndani, anachomelea waya, anapiga mluzi. Sikuingia. Nimenunua dagaa wa omena, nimeenda nyumbani.