Kadi ya Volti Tano

Garissa, Jumanne. Tangu asubuhi upepo unaleta vumbi tu, joto limenikaa kifuani, na mimi nina wivu. Nimeona niliseme mwanzoni kabisa nisije nikalizungukazunguka.

Namwonea wivu Mwende. Ni mwalimu wa kompyuta aliyehamishiwa hapa kutoka Kitui, na eeddo yangu, shangazi Sahra, anampenda kama aliyemzaa. Eeddo ndiye anayeendesha redio yetu ndogo ya mtaa. Kompyuta za pale nimezitunza mimi tangu nimalize chuo. Siku hizi zikisumbua, Eeddo anampigia Mwende.

Inauma.

Juzi kompyuta ya studio ilikufa, bodi yake kuu imeungua. Ndani yake mna kadi ya sauti ya zamani, ndiyo inayopeleka sauti ya maikrofoni kwenye mitambo. Bila hiyo, redio ni bubu. Niliapa nitapata bodi nyingine kabla Mwende hajajua kuna shida, na nikaipata kwa mfanyabiashara anayeleta vifaa vilivyotumika kutoka kambi ya wakimbizi ya Ifo. Bodi ya seva, safi kama mpya.

Leo asubuhi nikaifunga, kadi ikakataa kuingia.

Kwenye sloti, tundu la kuchomekea kadi, kuna kijiukuta cha plastiki, na kwenye ukingo wa kadi kuna pengo. Vikiwa mahali pamoja, kadi inaingia. Vyangu vilipishana kabisa. Na maana yake naijua: kadi yetu inatuma ishara za volti tano, bodi hii inavumilia tatu nukta tatu tu. Kijiukuta kimewekwa pale makusudi ili mtu asilazimishe.

Nikiwa bado nimeinama, Mwende akaingia. Eeddo alikuwa amemwita bila kuniambia.

"Karibu, abaayo, karibu. Mama yako ule mguu umepona?" Eeddo akamwita dada kwa Kisomali, akammiminia chai ya maziwa ya ngamia. Mimi nilikuwa pale tangu alfajiri na hakuna aliyeniuliza kama nimekula.

Eeddo aliporudi studio, Mwende akachungulia kazi yangu. "Hibo, hiyo kadi ni ya volti tano. Hiyo bodi haitaiweza." Alisema kwa sauti ya chini, nadhani kwa kunistahi. Mimi nikasikia kama ametangaza redioni.

"Najua," nikamjibu. "Nimewahi kufanya hivi."

Sijawahi.

Nikachukua tupa nikaikata kadi pengo la pili, pale kijiukuta kilipo. Kadi ikaingia.

"Tafadhali usiiwashe," Mwende akasema.

Nikaiwasha.

Skrini haikuonyesha kitu. Ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Eeddo akatoka studio mbio, nyuma yake mzee mmoja aliyefika na pikapu kutoka malishoni kutangaza ngamia wake waliopotea. Mzee alikuwa hajakaa tangu aingie. Ngamia wale ndio maziwa ya watoto wake, na kila saa wanazidi kwenda mbali.

"Nini tena?" Eeddo akauliza.

"Umeme," nikasema. "Umeme umeruka."

Mwende aliniangalia. Sentensi moja tu ingetosha kunimaliza mbele ya shangazi yangu. Nilikaa nikiisubiri.

Akaweka glasi chini. "Shuleni kuna kompyuta kuukuu stoo, sloti zake zinakubali kadi kama hii. Acha nikamwombe mwalimu mkuu."

Alirudi na bodaboda, kompyuta ameipakata mapajani, utando wa buibui wa stoo umemganda kwenye sketi. Nilidhani ataifunga mwenyewe ili Eeddo aone. Akanipa bisibisi. "Funga wewe. Wewe ndiye unayeijua hii studio."

Bodi ya seva ilikuwa imekufa, lakini kadi, alhamdulillahi, ilikuwa nzima. Iliingia bila kusukumwa.

Kabla ya adhuhuri Eeddo alikuwa hewani, akitaja rangi ya ngamia na alama ya moto iliyo shingoni mwao. Mzee alisimama nje ya mlango wa studio akifuatisha kila neno kwa midomo. Halafu Eeddo akamshukuru hewani "binti yetu Mwende". Jina langu halikutajwa. Wivu ukarudi pale pale, kama vile haukuwa umeniaibisha saa moja iliyopita.

Nimeswali maghrib na chakula kimenishinda. Kinachonikera si kwamba Mwende alijua. Hata mimi nilijua! Kinachonikera ni kwamba alipata nafasi ya kunivunja akaiacha ipite, na mimi, wallahi, ningekuwa yeye nisingeiacha. Sasa hata hilo namwonea wivu.

Eeddo amenipigia sasa hivi. Ana wasiwasi na nyaya za studio, anasema zitakuja kuchoma mtu. Ameshampata fundi wa umeme, atakuja kesho asubuhi kupasua ukuta azikague zote. Ameniuliza kama nitakuwepo. Nikasema ndiyo.

Nitatangulia kufika. Eeddo akija kumfungulia fundi, atanikuta mlangoni, na nitamwambia kwamba umeme haukuruka.