Kichwa cha Nkinda

Jumatatu, 3 Machi 2025
Fredrick wa ofisi ya utamaduni wilayani kaja tena hapa Nassa. Majibu ya DNA, yale mate niliyotoa mwaka jana, yametoka. Kichwa kilichoko makumbusho ya Ujerumani ni cha Nkinda — baba yake guku, yaani baba wa babu yangu! Walimnyonga kwa kukataa kulima pamba yao. Wakakata kichwa, wakakisafirisha kwao wakapime akili ya mtu mweusi. Fredrick akasema pole, akasema hongera, akachanganyikiwa. Nilichemsha chai ya watu wawili. Hakukaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia kaka Maige, Mwanza. Tumebaki mimi na yeye tu. Anasema mfupa wa miaka mia na ishirini wa nini, waache wakae nao. Akakata. Hata mgongo wangu unaouma hakuuliza.

Jumapili, 9 Machi
Nimeomba kanisani watangaze msiba wa Nkinda. Katekista Kristofa kasema hayo ni ya serikali. Nikarudi, nikaangalia picha ya kichwa aliyonitumia Fredrick kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Wameandika namba kwenye paji la uso, kwa wino. Meno yote yapo. Alikuwa kijana! Siku zote nilimfikiria mzee. Ni mdogo kuliko mwanangu Onesmo alivyokuwa nilipomzika. Nimelia kama nimefiwa leo. Hakuna aliyekuja — wangekuja kwenye msiba wa nani?

Jumanne, 18 Machi
Nyashimo, makao ya wilaya. Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya Fredrick. Tumeongea na Mjerumani wa makumbusho kwa video, binti wa ofisini, Jenipha, akitafsiri. Akasoma barua: serikali yake inasikitika kwa yaliyotokea.
Nikauliza: yaliyotokea, au mliyofanya?
“Mama, nitafsiri hivyo hivyo?”
“Hivyo hivyo.”
Yule bwana akavua miwani. Akasema yeye binafsi anaomba msamaha, ila neno hilo wanasheria wamekataza lisiandikwe. Nikamwambia, wewe binafsi hukumkata mtu.
Fredrick akanibembeleza: “Mama Anyesi, saini tu nakala yetu ya barua, wakirudishe kichwa. Ukikataa, kinabaki kabatini kwao miaka mingine kumi.” Najua. Nina sitini na sita. Pa kumzika Nkinda nimeshachagua, pembeni ya Onesmo.
Nimesaini. Lakini “inasikitika” nimeikata kwa mstari. Juu yake nimeandika kwa mkono wangu: tulimuua, tunaomba msamaha. Sasa wanawauliza kule kama karatasi itakubalika hivyo. Wamefunga mlango, nimebaki huku peke yangu. Namsikia Jenipha akisoma maneno yangu kwa Kijerumani. Polepole. Wamemwambia arudie —