Tundika Tufaha Chini

Kaka yangu Miodrag,

"Ng'ambo ya mlima hakuna mtu anayejua kupika pilipili hoho, wala anayestahili kukaa mezani kwetu." Hayo uliyaandika kwa mkono wako, na leo nayavunja. Lakini adabu kwanza. Hujambo? Goti linaendeleaje? Wifi Slavka amepona kikohozi? Mimi ni mzima, nimenenepa, na nina jambo la kukudai, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujaitupa barua hii motoni.

Unajua kwamba Stojanka, rafiki yangu tangu shule, na mumewe Vukadin walinunua nyumba ng'ambo ya mlima, huko Bulgaria. Walinialika wikendi. Tulipakia magunia ya pilipili hoho za kwetu, maana Vukadin haziamini za kigeni. Mpakani askari alifungua buti, akacheka, akauliza kama huko tuendako kuna njaa.

Jumamosi asubuhi tulizichoma uani, tukaketi kuzimenya, vidole vyeusi, chupa ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, mezani, Stojanka akiwasengenya majirani mmoja mmoja. Ndipo mmoja wao akatokea getini na kapu la nyanya. Ni Ognjan, daktari wa mifugo mstaafu, mgane, miwani yake minene kama kitako cha chupa. Alisema amekuja kutuokoa, kwani pilipili bila nyanya ni harusi bila ngoma. Nikamwambia nyanya humo ni maji ya mpishi mvivu. Stojanka akamwonya kwamba mimi gazeti linanilipa kwa kugombana. Akajibu kwamba yeye amewahi kung'oa jino la nyumbu.

Basi zikawekwa sufuria mbili kwenye meko jirani: yangu ya pilipili tupu, yake ya nyanya. Sheria unaijua: mwiko ukisimama, chakula kinaungua. Nami nikaanza kumweleza makosa yake. Nilianzia jikoni kwa mama, nikapita kwenye vita vya mababu, nikafika kwenye hali ya magazeti. Nilizungumza kwa mikono yote miwili. Vukadin anadai kuku walihama ua.

Nilipotua, nilinusa moshi. Nikairukia sufuria yangu. Pilipili zilikuwa nyekundu, laini, salama, na mwiko wangu ulikuwa mkononi mwa Ognjan. Yake ndiyo iliyoungua hadi chini. Nikamuuliza kwa nini ameiacha. Akafuta miwani.

"Yangu nitaipika hata kesho kutwa, bibi. Wewe kesho unaondoka."

Kaka, unanijua. Hata mawaziri siwakatii mkate. Siku ile nilimkatia yeye, kipande cha kwanza.

Tulikula mkate wa moto na pilipili zangu, Vukadin akaimba vibaya, na Ognjan akakwangua masizi ya sufuria yake akiapa kwamba hata hayo yanazishinda zetu. Jumapili alinisindikiza hadi garini, akauliza kama ni lazima niondoke. Nikamwambia ni lazima, kuna mtu wa kumwarifu kwanza.

Mtu huyo ni wewe. Nimemkubali awe mume wangu, Miodrag. Nina miaka hamsini na miwili, siombi ruhusa. Lakini baba hayupo tena. Mlango wanaotokea mabibi harusi wa ukoo wetu ni wako, na wewe ndiye wa kutundika tufaha mtini, bwana harusi aliangushe kwa risasi kabla ya kumchukua dada yako. Mume wa mdogo wetu Jelica ulimtundikia kileleni mwa mwaloni; maskini alipiga risasi mpaka mchuzi ukapoa. Huyu wangu haoni mbali. Bomba la moshi la nyumba yako liko hatarini.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawaletea chupa za pilipili, nyingine zina nyanya, na watakaonuna hawapati.

Nawe, kaka, baada ya mavuno ya zabibu fungua mlango, ongeza kiti mezani, na tufaha litundike chini, mahali ambapo mtu mwenye miwani anaweza kuligusa kwa mdomo wa bunduki.

Dada yako,
Rosanda