Babu Yetu Katika Darasa la Neema

Vällingby, Uswidi, Jumanne, Februari 1975

Kile kitabu cha shule kimeniudhi wiki nzima: Afrika kurasa mbili tu, na zote za wanyama. Leo nilikwenda kwa mwalimu wa binti yangu, Neema, nikiwa tayari kwa ugomvi.

Hakubisha. Alimpa Neema chaki, akaketi kwenye kiti cha mtoto, akafungua daftari lake.

Neema akasimulia Vita vya Maji Maji, na jinsi babu yangu alivyopigana na Wajerumani kule Songea. Hakusita hata kidogo. Mimi niliona fahari tupu.

Njiani akaniuliza, tena kwa Kiswahili, yeye anayenijibu Kiswidi kila siku: "Mama, na mke wa babu aliitwa nani?"

Sijui.

Mwandishi wa kile kitabu nitamlaumu kesho. Sasa hivi namwandikia mama barua.