Dari la Nyuma

Kasulu, Jumanne

Amahoro, mdogo wangu Akimana,

Mimi ni mzima. Mvua huku haikatiki, ila viatu ulivyoniletea bado vinadai, havijaingiza maji. Mama bado anawaonyesha watu wa Murungu lile dari la nje nililomwekea, akijisifu kwamba nyumba yake imefungwa shati mpaka kifungo cha mwisho?

Wiki hii nimekupigia mara tatu, kila mara nikaishia kuuliza habari za maharage. Ndiyo maana naandika.

Yale mabamba niliyobandika chini ya mapaa ni foma nyeupe, kama ile inayokuja na redio mpya ndani ya boksi. Lazima ivikwe wavu na kupakwa saruji. Mbele nilipaka vizuri. Nyuma saruji haikutosha, kwa sababu ndoo moja ya Mama niliipeleka kwenye kazi ya tajiri wa hapa, aliyekuwa akinisimamia nisimpunje. Mama hakunisimamia, alinipikia. Nikapaka rangi tu, nikamwambia kote ni sawa.

Juzi kazini, fundi akichomelea geti, cheche ilirukia kipande cha foma kisichopakwa saruji. Kiliyeyuka kama samli, kikawaka kabla sijageuka kutafuta maji.

Na mvua ikinyesha, Mama husogeza mafiga kule nyuma, chini ya dari langu.

Ukimaliza kusoma, ondoa moto pale, hata kama chungu hakijaiva. Jumamosi nakuja kubandua yote. Mama akiuliza sababu, nitamjibu mwenyewe. Wewe safari hii usinitetee.

Kaka yako,
Nduwayezu